Mkono Ukipanda, Umenunua

Tamasha la Watoto la mji wetu wa Warrabin ni la watoto kwa jina tu. Kila Januari, jua likishakausha uwanja wa kriketi hadi nyasi zinachoma nyayo, wazazi hujilaza kwenye viti vya turubai chini ya mikaratusi wakinywa kahawa ya barafu, na watoto hupanga foleni ndefu juani ili waruke kidogo tu kwenye jumba la mpira lililojazwa hewa. Eti burudani. Mimi huwapaka rangi usoni. Wote wanataka chui, na jasho likishuka wote wanakuwa matope.

Mdogo wangu Lyndon alikuja kama anavyokuja popote, mwili tu. Ni dalali wa mnada wa ng'ombe, na simu imemganda sikioni kama kupe. Bintiye Greer, wa miaka kumi, alikuwa amekaa nami.

"Shangazi, unadhani leo ataniambia tunaenda mtoni lini?"

Wiki moja ya kupiga kambi mtoni, wawili tu, Lyndon aliiahidi tangu mwaka juzi. Mwaka jana akasema ng'ombe wamekuwa wengi. Mwaka huu ng'ombe ni wachache, na eti ndiyo maana hawezi kuondoka. Mwanaume mzima anamdanganya mwanawe, na hata uongo wenyewe hajui kuupanga.

"Kamuulize," nikasema.

Akaenda. Lyndon akamwinulia kidole, ngoja kwanza, bila kuacha kuongea na simu. Greer akangoja weee. Mwishowe akageuka, akapitia kwenye gari lao, akaenda jukwaani, ambapo mtoto yeyote anaruhusiwa kuonyesha alicho nacho.

Waliokuwa jukwaani ni mapacha, wanapuliza filimbi vibaya kabisa, na wazazi wanawapigia makofi kana kwamba wamefanya la maana. Walipoteremka, Greer akapanda. Mkononi ana nyundo ya mbao, ile ya kupigilia vigingi vya hema.

"Haya wakulima, sogeeni. Nauza wiki moja mtoni pamoja na mtoto mmoja, jike, meno kamili, anakula chochote, anajua kuvua na kupara samaki. Bei ni siku zako, sitaki hela. Nani siku moja? Moja, moja, nani mbili?"

Sauti ya babake kabisa. Wazazi wakainuka vitini. Mzee Clarrie, mwenye shamba ng'ambo ya reli, akagusa kofia.

"Mbili kwa Mzee Clarrie. Nani tatu?"

Nikainua brashi. Clarrie akapanda nne. Tukapandishana hivyo hadi sita.

"Sita, sita, nani wiki nzima?"

Nzi wa Januari hawana adabu. Mmoja alimvamia Lyndon puani kule nyuma, naye, simu ikiwa sikioni, akapunga mkono.

Nyundo ikagonga. "Imeuzwa. Bwana wa simu, pale nyuma."

Watu wote wakamgeukia. Lyndon akashusha simu. "Nimenunua nini?"

"Wiki yangu," Greer akasema.

"Mwanangu, nilikuwa nafukuza nzi."

Clarrie akacheka hadi akakohoa. "Hata mimi nilikuwa nafukuza nzi, bwana, siku uliponiuzia yule fahali kipofu. Ukasemaje mbele za watu? 'Kwangu mkono ukipanda, umenunua.' Fahali bado ninaye, kila siku anagonga ua."

Mkuki kwa nguruwe. Lyndon akaniangalia mimi dada yake nimwokoe. Nikaendelea kuosha brashi.

"Basi Pasaka," akasema, na kile kicheko chake cha biashara. "Pasaka tutaenda."

"Mnyama akishauzwa anaondoka siku hiyohiyo," Greer akasema. "Ndiyo sheria yako."

"Nani amekufundisha yote haya?"

"Wewe. Likizo nzima nakaa mnadani, juu ya geti. Ndiko ninakokuona."

Simu mkononi mwa Lyndon ikawa inaita kwa kisauti chembamba: "Lyndon? Lyndon, upo?"

Nzi wakatua machoni na mdomoni mwake, naye hakuwafukuza.

"Sipo," akaiambia simu, akaizima.

Kisha akauliza hema liko wapi. Baba wa ajabu. Lilikuwa nyuma ya gari lake mwenyewe. Greer alilipakia asubuhi, kama alivyolipakia Januari iliyopita, na ile ya kabla yake.