Shamba la Sebuleni

Kwanza walikuwa kware. Baada ya kware wakaja sungura, baada ya sungura uyoga, na baada ya uyoga Yuliana akapata miezi minne ya amani ambayo hadi leo anaikumbuka kwa shukrani. Kisha mumewe, Oscar, akaangalia video moja ya dakika kumi na mbili, na sebule ya nyumba yao ya mjini, Kihonda, ikawa shamba.

Tena shamba la kisasa. Neno hilo Oscar alilitamka akiwa amesimama, maana pa kukaa hapakuwepo. Trei zilikuwa juu ya kabati la vyombo, juu ya meza ya televisheni na juu ya kochi kubwa, ambalo lilisogezwa dirishani ili njegere zipate mwanga. Njegere zenyewe zililowekwa kwanza usiku kucha, kisha zikamwagwa kwenye trei zikiwa zimebanana, zikafunikwa siku tatu gizani na kukandamizwa kwa albamu ya harusi, kwa sababu video ilisema zinahitaji uzito. Zikishaota alizipulizia maji kwa kichupa kilichowahi kuwa cha mafuta ya nywele ya mkewe. Zikifika kimo cha kiganja alizikata kwa mkasi na kuzipeleka kwenye hoteli moja ya watalii. Huko mpishi aliweka vijiti vitatu vya kijani juu ya kipande cha samaki, na mgeni akala samaki, akaviacha vijiti.

"Hizi zinaitwa maikrogrini," Oscar aliwaeleza majirani waliochungulia dirishani. "Virutubisho vyake ni mara arobaini."

Mara arobaini ya nini, hakuna aliyewahi kuambiwa.

Yuliana alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Mgeta, kule juu milimani ambako njegere hupandwa kwenye miteremko na kushushwa mjini kwa malori. Binti wa Mgeta kuolewa na mwanamume anayeotesha njegere kwenye kochi ni habari ambayo mtu haipeleki kwao, na Yuliana hakuipeleka. Oscar alitoka Singida. Yuliana alijitahidi sana kutoulaumu mkoa mzima.

Kitu kimoja tu katika nyumba ile hakikuwa cha mradi wowote. Juu ya kabati la nguo kulikaa kopo la maziwa ya unga, na ndani yake njegere za kienyeji, ndogo, zenye madoa, kama kilo mbili hivi, zimechanganywa na majivu ya jikoni zisitobolewe na wadudu. Mama yake ndiye aliyezichambua punje kwa punje, mwaka wa mwisho wa uhai wake. Tangu azikwe, shamba lake la Nyandira, huko Mgeta, lilikuwa limelala misimu miwili.

Kwa Waluguru, kabila la Yuliana, ardhi hufuata upande wa mama, na mwenye kauli ni mjomba. Mjomba Athanas alipiga simu mwezi wa pili, akasema kwa ufupi kama kawaida yake.

"Yuliana, shamba la mama yako limekuwa pori. Magreth ameliomba. Mwezi wa tatu usiishe hujalipanda mbegu ya mama yako. Ukilipanda, ni lako. Usipolipanda nampa Magreth, na usije kulia kwangu."

Magreth alikuwa mtoto wa mama yake mdogo, mwenye mashamba matatu na macho kwenye la nne. Yuliana alimwambia mjomba kwamba atapanda. Alipanga kwenda Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimekolea. Lakini kabla ya hapo akaitwa kwenye semina ya walimu Gairo, wiki mbili nzima, akarudi Ijumaa ya kuamkia safari. Alipoondoka alimwachia Oscar unga, mkaa na maelekezo ya kutosha. Katika maelekezo hayo hakusema usiguse kopo. Mtu mzima anaambiwaje asiguse mbegu za marehemu mama mkwe wake?

Alipoingia jikoni Ijumaa ile, kopo lilikuwa juu ya kichanja cha vyombo, limefudikizwa, linang'aa.

Yuliana aliweka begi chini taratibu.

"Oscar, kopo hili lilikuwa na kitu."

"Lilikuwa chafu hilo, mke wangu," Oscar alijibu kutoka sebuleni, kwa sauti ya mtu anayesubiri kushukuriwa. "Majivu matupu. Nimeliosha mara tatu."

"Na njegere?"

"Nazo niliziosha."

Akajieleza. Mpishi wa hoteli aliongeza oda, mbegu zikamwishia, na mbegu za dukani zilikuwa zimepakwa dawa, nyekundu kabisa, za kupanda tu, siyo za kuliwa zikiwa changa. "Sasa mimi ningewalisha watu sumu?" aliuliza. Hilo lilikuwa jambo la kwanza la busara alilolisema tangu enzi za kware, na alilisemea mahali pabaya kuliko pote.

Yuliana aliingia sebuleni akahesabu. Trei nane. Tano zilikuwa zimekwisha kukatwa, zimebaki visiki vifupi. Tatu zilikuwa bado nzima, zimesimama kijani dirishani, na bodaboda wa hoteli angezifuata kesho yake asubuhi. Visiki, Oscar alisema, vilikuwa vinangoja kutupwa jalalani.

"Nitakununulia nyingine," akaongeza, maana uso wa mkewe ulianza kumtisha.

"Utanunua wapi? Aliyekuwa nazo amekufa."

Yuliana alitaka kukaa, kochi likawa limejaa. Akakaa sakafuni, akalia kwa sauti, dirisha likiwa wazi kwa ajili ya mwanga. Oscar alisimama pale na kichupa chake mkononi. Kwa mara ya kwanza tangu waoane hakuwa na takwimu yoyote ya kutoa. Hakujua lolote kuhusu Magreth, wala kuhusu mwezi wa tatu, kwa sababu kila mkewe alipotaka kumweleza habari za shamba, yeye alianza kumweleza habari za trei. Sasa akaelezwa yote, na kila neno lilimwingia.

Yuliana alipomaliza kulia, macho yake yalikuwa usawa wa kochi. Akaona jambo. Kwenye kila kisiki, chini ya mahali mkasi ulipopita, palikuwa na kijani kidogo kinachojitokeza ubavuni. Njegere iliyoliwa na mbuzi huchipua, mtoto yeyote wa Mgeta analijua hilo, na Oscar alikuwa amefanya kazi ya mbuzi kwa uaminifu mkubwa.

"Kesho tunaondoka na lori," alisema. "Na trei zote."

"Na oda ya hoteli?"

Asubuhi bodaboda alirudi mikono mitupu.

Malori ya Mgeta hushuka na mboga, hupanda na matenga matupu. Haijawahi kuwa vinginevyo. Kwa hiyo dereva alipowaona mwalimu na mumewe wakipakia trei nane za majani mabichi kupeleka Mgeta, alizima injini kabisa ili acheke vizuri. Baada ya Mzumbe barabara ilianza kupinda na kupanda, na Oscar alikaa juu ya matenga, amezikumbatia trei tatu zisiteleze, huku nyingine akizizuia kwa miguu. Kila kituo utingo aliwatangazia watu kwamba mjini kumekuwa na neema, sasa mboga zinaletwa juu. Yuliana hakumtetea mumewe hata mara moja. Hata hivyo aligundua kwamba kutoka Kihonda hadi Nyandira hakuna mche hata mmoja ulioanguka.

Mjomba Athanas aliwakuta wameshafika kwenye nyumba ya marehemu. Alikuwa mzee mwembamba mwenye simu kubwa mfukoni, ambayo aliitumia kuangalia bei za soko la Dar kabla madalali hawajamdanganya.

"Shikamoo mjomba," wakasema.

"Marahaba. Mbegu ziko wapi?"

Oscar akaweka trei chini, moja moja, kwenye ua. Mjomba alichuchumaa. Alizihesabu trei zote, kisha akagusa kisiki kimoja kwa ncha ya kidole.

"Nani amezikata?"

Yuliana alishaandaa uongo njiani, uongo mzuri wenye panya ndani yake. Oscar akamwahi.

"Mimi, mjomba. Sikujua ni za nini. Nilipaswa kuuliza."

"Ukapeleka wapi?"

"Hotelini."

"Wakafanyia nini?"

"Wanaweka juu ya samaki."

"Wanaweka," mjomba alirudia. "Hawali."

Alichuma ncha moja kutoka kwenye trei nzima, akaitafuna polepole. Kisha akachuma nyingine, akampa Yuliana. Yuliana hakuwahi kuonja mradi wa Oscar hata siku moja, alikuwa ameapa. Lakini ncha ya mjomba haikataliwi. Aliiweka mdomoni, na ule utamu mbichi ukamkuta hajajiandaa. Aliufahamu. Ulikuwa wa miezi ile ghala ikiwa tupu na maharage bado, mama anatoka shambani na kanga imefungwa fundo, ndani yake mboga ya kijani ambayo watoto hawakuijua jina, na usiku ule ugali unateremka bila taabu.

"Alikuwa anakata ncha kila mwaka," mjomba alisema. "Juu ya kifundo cha shina, zichipue tena, mle na bado avune. Wewe ulifikiri mlikuwa mnakula nini?"

Oscar alifungua mdomo, na mkewe akajua kabisa kwamba ile mara arobaini iko njiani. Lakini Oscar akaufunga. Katika ndoa yao hilo lilikuwa tukio.

Mjomba aliinuka. "Mbegu ya mama yako ndiyo hii. Imekuja na miguu, basi. Ikishika kabla mwezi haujaisha, shamba ni lako, na Magreth nitamwambia mwenyewe." Akamgeukia Oscar. "Zamani mume wa huku alihamia kwa mke, akalima shamba la mkewe tukamwona. Wewe tulikusamehe kwa sababu mkeo anafundisha mjini. Kopo la mbegu mnalo?"

Yuliana alilitoa kwenye begi. Alilibeba bila kujua sababu, ila asingeweza kuliacha pale kwenye kichanja. Mjomba alichungulia ndani, akaona jinsi lilivyong'aa, akatikisa kichwa. Akaingia jikoni kwa marehemu dada yake na kutoka na majivu, akamkabidhi Oscar kopo.

"Likijaa njegere, mkwe, ndipo utashuka nalo."

Oscar alipanda miche yote kwa mikono, mmoja mmoja, kwenye mteremko uliomwangusha mara tatu siku ya kwanza tu. Yuliana alilima naye hadi Jumapili mchana, kisha akashuka na lori lililojaa kabichi, kwa sababu Jumatatu alikuwa na darasa. Nyumbani alisogeza kochi lake mahali pake, akalikalia jioni nzima bila kufanya lolote. Alifurahi kwa wiki mbili hivi. Wiki ya tatu alianza kuuliza madereva kama mtu wa Singida bado yuko hai.

Oscar alishuka mwezi wa saba, mweusi kwa jua, viganja vimechanika, hana mradi wowote mdomoni. Alikaa kwenye kochi na kumpa mkewe kopo kwa mikono miwili. Yuliana alilifungua, akazamisha mkono hadi kwenye kifundo cha mkono. Njegere zilikuwa ndogo, zenye madoa. Alipoutoa mkono ulikuwa wa kijivu, una harufu ya jiko la mama yake, na akaenda kumpakulia mumewe chakula kwa mkono wa pili, ule usio na majivu.