Katriji Tisa Chini ya Kitanda

Didier alipenda kusema kwamba mashine za kisasa hazitaki mikono ya watu. Alisema hivyo siku aliyoniletea printa yake ya picha hapa Kashikishi, upande wa Zambia, pamoja na kompyuta na skana, vyote vimefungwa kwa blanketi kama mtoto mchanga.

"Mama Clotilde, ukifungula kartushi hata moja, mashini inarudia kwangu. Tumesikilizana?"

"Tumesikilizana, papa," nikajibu. Ningejibu nini? Nilikuwa nimevuka ziwa kutoka Pweto, upande wa Kongo, nikikimbia vita, sina kitu ila nguo niliyovaa. Masharti yake yalikuwa mepesi kuyasikia. Nifanye kazi miezi kumi na minane, nisinunue katriji kwa mtu mwingine, na muda ukiisha mashine iwe yangu. Nilipiga saini palepale, juu ya meza ya kukaushia karatasi.

Basi ngoja nikueleze ujanja uliomo kwenye katriji, maana ilinichukua mwaka mzima kuuelewa, na tangu nilipouelewa sijaacha kukasirika. Katriji ya rangi ni kisanduku kimoja chenye vyumba vitano: buluu, buluu hafifu, nyekundu, nyekundu hafifu, na njano. Kimoja kikikauka, printa inakataa kazi yote. Kwangu kilichokauka mapema siku zote ni kile cha nyekundu hafifu, kwa kuwa picha zangu ni nyuso tu, na nyuso zetu zinakunywa rangi hiyo bila kushiba. Vyumba vinne vingine bado vina wino. Ni kama kuambiwa ubomoe nyumba yote kwa sababu jikoni unga umeisha.

"Tupa, nitakuletea ingine," ndivyo Didier alivyozoea kusema.

Sikutupa. Mimi nimekua kwenye samaki. Kwetu kichwa hakitupwi. Kila katriji iliyoitwa tupu niliiziba matundu kwa gundi ya karatasi, nikaifunga kwenye plastiki ya mkate na kuisukuma chini ya kitanda. Mpaka katikati ya mwaka wa tisini na tisa zilikuwa tisa.

Wakati huo ilikuwa imebaki miezi miwili mashine iwe yangu. Didier alikuwa amekwenda Ndola, wiki ya tano hiyo hajarudi, na printa ilikuwa imeniwashia taa yake nyekundu ya kusema wino umekwisha. Hapo ndipo Bénie alipoingia studio yangu ya picha na kitambulisho cha mama yake mkononi.

Mama yake alikuwa Mama Emilienne, na mimi Mama Emilienne ndiye aliyenipokea ufukweni siku niliyovuka. Hakuniuliza jina. Alinipa sufuria ya bukari, ugali wa kwetu, na kona ya kulala, nikakaa kwake miezi saba. Sasa alikuwa amekufa, na Jumamosi ile wangemaliza matanga. Sisi tuliotoka ng'ambo ya ziwa tunamaliza kwa picha: picha kubwa ya marehemu inatangulia, watu wanaifuata kutoka kanisani hadi nyumbani, kisha inawekwa kwenye kiti na kila mtu anaiaga. Bila picha watu wanafuata nini?

"Foto yake iko hii tu," Bénie akasema. Ilikuwa ya kitambulisho cha zamani cha Zaire, ndogo kama kucha ya dole gumba, imekunjwa katikati.

Nilitazama ile taa nyekundu. Nilimtazama Bénie. "Itakuwa tayari," nikamwambia, nikijua vizuri nimeahidi nini. Nilikuwa nimeahidi kuvunja neno langu kwa Didier.

Jumatano asubuhi nikaenda kwa Chalwe, nesi wa zahanati, nikamwomba mabomba ya sindano. Akanipa mawili, akaniuliza ni ya nini. Nilipomwambia, akacheka mpaka akashika ukuta.

Nikazitoa katriji zangu chini ya kitanda. Nikabandua gundi, nikapitisha sindano kwenye tundu la chumba cha nyekundu, ndani ya sifongo, nikavuta polepole. Wino ukaja! Kidogo kutoka hii, kidogo kutoka ile, mpaka bomba likajaa wino ambao nilikuwa nimeambiwa mara tisa kwamba haupo. Nilitukana peke yangu kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Kisha nikaudunga kwenye chumba kilichokauka cha katriji ya mwisho, ile iliyokuwa ndani ya printa, taratibu, nikafuta matone, nikaiacha itulie.

Printa yenyewe niliidanganya kirahisi. Haioni wino, inahesabu tu matone iliyotoa. Ukibonyeza kitufe cha kubadilisha katriji, ukaitoa na kuirudisha ileile, inaamini ni mpya, inaanza kuhesabu upya. Mashine ile ilikuwa na imani kubwa kuliko mimi.

Nikaipitisha foto ya kitambulisho kwenye skana, nikaikuza kwa kompyuta, na picha ikatoka. Bénie alipokuja kuiona akairudisha mezani kama imemchoma.

"Huyu haiko mama yangu! Mama hakupakaka dawa ya ngozi hata siku moja. Alikuwaka mweusi, na alipendaka weusi wake. Batu batasema nini?"

Alikuwa na haki. Mama Emilienne alitoka na mashavu mekundu, kama wale wanawake wa mjini waliojichubua kwa krimu mpaka uso umeungua. Kosa lilikuwa langu tupu. Nilidhani nyekundu ni nyekundu, kumbe nilikuwa nimejaza rangi kali pale panapotakiwa hafifu. Siku zote nilikuwa nalaumu studio nyingine kwa kuwachubua watu kwenye picha, na sasa nilikuwa nimemchubua mwanamke aliyenilisha. Niliona haya, nikaona na hasira juu ya haya.

Hafifu maana yake ni kali iliyotiwa maji, kama chai ya watoto. Nikachukua ndoo, nikachota maji ya ziwa, nikaanza kuyachuja kwa kitambaa. Chalwe alikuwa anapita, akaniita kwa sauti ya kumkemea mgonjwa.

"Mama, hapana! Tundu za mashini iko ndogo kupita sindano. Mayi ya ziwa iko na matope, itaziba zote."

Akarudi na vichupa vya maji ya sindano, yale safi ya kuchanganyia dawa. Nikaanza upya na katriji nyingine ya zamani. Nusu kwa nusu, uso ukabaki mwekundu. Moja kwa tano, ukapauka kama majivu. Moja kwa tatu, nikaisafisha printa mara nne hadi wino mkali wote ukaisha njiani, nikaweka karatasi nzuri ya mwisho niliyokuwa nayo. Alitoka mstari kwa mstari, paji la uso kwanza. Macho yalipofika nikaanza kulia, maana alikuwa ananitazama vilevile alivyonitazama ufukweni. Alikuwa mweusi wa kung'aa. Nikamwita Bénie. Alikaa chini sakafuni akaikumbatia.

Jumamosi picha ikatangulia, sisi nyuma yake tukiimba. Nyumba ya Mama Emilienne inatazamana na studio yangu, njia tu katikati. Watu walikuwa wengi, hata Kangwa wa Mwansabombwe na Jairos wa Nchelenge mjini, wote wawili wenye studio, wote wawili na mashine za Didier kwa masharti kama yangu. Mashine zao nazo zilikuwa zimelala wiki tano zikimngoja.

Na Didier mwenyewe akafika, na vumbi la safari mabegani. Akaiaga picha kama kila mtu. Kisha akarudi, akaiinamia tena, akaitazama muda mrefu. Akanivuta pembeni ya ukuta.

"Hii ankri, hii wino, haiko yangu."

"Iko yako," nikamwambia. "Uliniuzisha mara tisa, na mara tisa ukaniambia nitupe."

Akageuka kuangalia kama kuna anayetusikia. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa laini, na huo ulaini ndio ulioniogopesha.

"Sikia, mama. Kangwa na Jairos beko hapa. Watakuuliza. Ambia bao kama nilikuletea kartushi mupya Alhamisi. Bon, mimi sitaona kitu. Miezi miwili, mashini iko yako, ya kabisa."

Sitadanganya: niliitaka mashine ile. Niliitaka kama mwenye njaa anavyotaka chakula. Ilikuwa paa juu ya kichwa changu, ilikuwa jina langu sokoni. Nilimwambia Didier nitafikiri, na nilifikiri kweli, nimesimama pale ukutani na sahani ya wali mkononi, huku wanawake wakiendelea kuaga picha mmojammoja.

Kangwa hakunipa muda. Alikuja moja kwa moja, kofia mkononi, akaniita mama kwa lugha ya kwao, akaonyesha picha kwa kidevu.

"Bamayo, foto hii umetoa na kartushi gani?"

"Mupya," Didier akadakia. "Nilimuletea Alhamisi."

Nikautazama uso wa Mama Emilienne pale kitini. Jamani, mtu anaweza kusema uongo sehemu nyingi, lakini si mbele ya uso ule.

"Anadanganya," nikasema, na nikasema kwa nguvu, matanga au si matanga. "Kartushi iko ya zamani. Niliijaza mimi, na hii mikono. Kangwa, wewe unatupa zako?"

"Ninatupa."

"Usitupe tena. Jairos, kuya hapa, usikie na wewe."

Didier alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi. Kisha akageuka, akaita vijana wawili wa mizigo, akavuka njia nao. Mlango wa studio yangu ulikuwa wazi. Nikamwona akichomoa nyaya, akikunja blanketi. Bénie alishika mkono wangu, akaninong'oneza nikimbie nimwombe. Miguu ilitaka kwenda. Niliizuia.

"Unatafuta tundu chini ya karatasi iliyobandikwa juu ya kartushi," nikawaambia. "Unaingiza sindano polepole. Ukikimbiza, hewa inaingia."

Watu walikuwa wameanza kutuzunguka. Chalwe alitoa kalamu, Jairos akaandika kwenye kiganja. Didier alitoka studio nyuma ya wale vijana, printa yangu katikati yao, wakapita mbele yetu.

"Bamayo," Kangwa akauliza, "mayi ngapi?"

Nikangoja mpaka Didier alipofika karibu kabisa.

"Ankri moja," nikasema, "mayi tatu. Na haiko ya ziwa."