Njia ya Posta ya Nedra

Daktari wa macho hakumzungusha Nedra. Alimwambia kwamba katikati ya macho yake pamekufa, zimebaki kingo tu, na kwa kingo hizo hawezi tena kushika usukani. Nedra alikuwa na miaka sabini na sita. Kwa miaka thelathini na moja alibeba mifuko ya posta kwa barabara ya milimani kutoka mji wa Escalante hadi kijiji cha Boulder, na hata siku moja hakurudisha barua nyuma kwa sababu ya theluji.

Hakulia. Alimpigia simu bintiye Raylene, aliyekuwa akifundisha shule huko Provo.

"Njoo unipeleke Boulder, theluji ikiwa bado ipo."

"Mama, si tungoje Mei?"

"Mei kila mtu anaiona ile barabara. Mimi nataka ya kwangu."

Wakaondoka Jumamosi moja ya Februari baada ya kifungua kinywa, chupa ya kakao ya moto mapajani mwa Nedra. Theluji ilikuwa imeikalia miamba mabegani tu. Ubavuni miamba ilibaki myekundu kama matofali yaliyotoka tanuri sasa hivi. Nedra aligeuza kichwa pembeni kama kuku, apate kuona.

"Pale pana kilima cheupe, kama unga umemwagika?"

"Kipo, Mama."

"Hapo ndipo lori la posta liliponizimikia, mwaka wa sabini na tatu. Baba yako akaja na farasi, ananicheka tangu kule chini."

Raylene akacheka naye. Baba alikuwa amefariki miaka tisa sasa.

Walipovuka mto, Nedra alimwonyesha mahali palipokuwa na sanduku la barua la Mzee Thayne, mseja aliyeishi peke yake chini ya mwamba. Thayne alikuwa akiagiza vitu kimoja kimoja: Jumatatu vifungo, Alhamisi sindano, wiki ijayo uzi.

"Kwa nini asiagize vyote kwa pamoja?"

"Angeniona mara moja tu, mwanangu."

"Mama! Alikuwa anakutaka?"

"Alikuwa hana wa kuzungumza naye. Baba yako alijua. Kila Alhamisi alinifungia mkate nimpelekee, ananiambia, haya, kamwone bwana wako."

Nedra akafungua chupa, akanywa kakao kidogo.

Kisha wakafika kwenye mgongo wa mwamba, mahali barabara inapopita juu kabisa, korongo kushoto na korongo kulia, bila ukuta wala uzio. Upepo ulianza ghafla. Theluji ikainuka kutoka pande zote mbili, ukungu mweupe ukalifunika gari. Raylene akakanyaga breki katikati ya njia.

"Siwezi. Mama, sioni barabara."

"Rudi nyuma basi."

"Nyuma pia sioni!"

Nedra akafunga kifuniko cha chupa, akavaa glavu, akafungua mlango.

"Unakwenda wapi? Wewe huoni!"

"Sioni katikati. Kingo naziona. Hapa kinachotakiwa ni kingo." Akainamia dirisha. "Fuata mgongo wangu. Nikisimama, simama. Baba yako alinitangulia hivihivi mara mbili, na taa ya chemli."

Akatembea mbele ya gari, mkono mmoja nyuma kwenye boneti, kiatu kikipapasa lami chini ya theluji. Alikuwa na koti la zamani la posta, la kijivu, limempwaya. Raylene alimfuata kwa mwendo wa mtoto anayejifunza kutembea, akilia bila sauti, macho yakiwa kwenye lile koti. Mara moja Nedra alisimama, akasogea kulia hatua mbili, akaendelea. Hakugeuka.

Upande wa pili upepo ulikatika. Nedra aliingia garini, nyusi zimejaa theluji, anahema.

"Usiwaambie kaka zako."

"Wataniua, Mama."

"Ndiyo maana usiwaambie."

Boulder walikula supu, wakamsalimia mama wa posta, aliyefundishwa kazi na Nedra alipokuwa msichana. Alimkumbatia Nedra hadi kofia ikamwanguka.

Wakati wa kurudi jua lilikuwa limetoka. Nedra alisinzia kabla hawajafika kwenye mgongo wa mwamba, kichwa kikiegemea kioo. Raylene alitaka kumwamsha, akaacha. Alisimamisha gari, akashuka polepole, akatazama chini kushoto, kisha chini kulia. Miamba ilishuka ngazi kwa ngazi, myeupe na myekundu, hadi kwenye kivuli cha bluu ambacho hakuona mwisho wake. Alikuwa amepitishwa hapa tangu tumboni, na leo ndiyo mara ya kwanza kupatazama. Alibaki pale mpaka masikio yakamwuma kwa baridi, ndipo akarudi kumpeleka mama yake nyumbani.