Kilo Sitini za Murielle

Msimu wa mbio za magari ulipotangazwa upya mwezi Agosti, baada ya korona kuufunga kwa miezi mitano, Kagendo aliisoma barua ya waandaaji mara mbili. Duru nane zilikuwa zimebaki tatu, na nyingine zingeongezwa "hali ikiruhusu". Siku za kazi Kagendo alikokotoa hatari katika kampuni ya bima; Jumamosi aliikokotolea timu ya Marcellin, fundi wa magari kutoka Lubumbashi mwenye gereji mtaani Jeppestown, ambaye dada yake, Murielle, ndiye aliyekuwa dereva. Bima ilimfundisha kutoamini maneno kama "hali ikiruhusu".

"Tushinde tangu duru ya kwanza," alisema.

Marcellin aliweka spana chini. "Madame Kagendo, hapana. Miaka kumi na nane niko humu. Mwenye kushinda wanamubebesha."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila ushindi uliadhibiwa kwa mabamba ya madini ya risasi, kilo thelathini, yaliyofungwa kwa bolti sakafuni mwa gari hadi msimu uishe. Kwa hiyo wazoefu walijizuia mapema, wakabaki wepesi kwa ajili ya duru za mwisho.

"Duru za mwisho zipi?" Kagendo aliuliza.

Marcellin aliichukua barua, akazihesabu duru kwa kidole: tatu.

Murielle alishinda duru ya kwanza, kisha ya pili. Ishaka, bingwa mtetezi kutoka Kigoma, aliyeutunza wepesi wake kana kwamba msimu bado ulikuwa na duru nane, aliridhika na nafasi ya tatu, halafu ya pili. Hali haikuruhusu duru za ziada. Ikabaki duru moja.

Asubuhi ya duru hiyo majukwaa ya uwanja wa mbio wa Kyalami yalikuwa matupu. Ishaka alipita mbele ya gereji yao, barakoa ikining'inia kidevuni.

"Dada Kagendo, mmepakia vyuma hivyo, mnahamia wapi?"

"Vaa barakoa, kaka."

"Leo nawapita mapema, mjue."

"Pita. Hatujakukataza."

Ishaka alicheka akaondoka, asijue kwamba alikuwa ameambiwa ukweli. Hata akishinda, nafasi ya tano ingempa Murielle ubingwa. Kagendo hakumhofia Ishaka. Alimhofia Murielle, ambaye hakuwahi kumpisha mtu kwa hiari, ilhali gari lenye kilo sitini za ziada, likipigana kila kona, humaliza matairi kabla ya mbio kwisha.

Ishaka alipita katika mzunguko wa pili. Kufikia wa sita, gari la bluu lilikuwa limemganda Murielle nyuma.

"Mwachie," Kagendo alisema redioni.

"Sikusikii."

"Unanisikia. Mwachie huyo na anayemfuata. Ukishindana nao, matairi hayafiki."

"Eish! Marcellin, uko wapi? Ongea na huyu mwanamke!"

Marcellin alichukua kipaza sauti. Kagendo alimpisha, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na hesabu ya kitakachofuata.

"Murielle, dada yangu," Marcellin alisema, "fanya vile Madame anasema."

Murielle alipigana kona tatu zaidi. Kisha gari lao likasogea pembeni, la bluu likapita, jeupe likafuata. Katika mzunguko wa mwisho likapita jingine. La sita lilifika mstarini nusu gari nyuma ya Murielle, aliyemaliza wa tano.

Ishaka, mshindi wa mbio, alikuwa bado anapungia majukwaa matupu aliposomewa jumla ya pointi, Murielle akiwa juu yake; mkono ukashuka.

Murielle alivua kofia, jasho likimtiririka. "Nimepitwa na watu wanne."

"Hata mmoja angekuudhi," Kagendo alisema, "lakini ubingwa ulikuruhusu wanne."