Mzee Pasi wa Kikosi cha Ngiri

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba katika mji ule hakuna mtu anayetembea. Wote wanarukaruka. Mtu anatoka kununua upanga, anaruka. Wawili wamesimama kisimani wanazungumzia vita, mambo mazito ya kufa na kupona, na huku wanaruka kama wameingiwa na siafu kwenye suruali. Nikajiuliza huu ni ugonjwa au ni dini. Baadaye niliambiwa si chochote, ni vidole tu vya wachezaji, haviwezi kutulia. Mimi sikuruka kwa sababu kitufe cha kuruka sikujua kiko wapi. Cha kukimbia pia sikukijua. Nilitembea.

Gemu lenyewe lilikuja na simu. Shemeji aliponunua simu mpya, ile ya zamani yenye kioo kilichopasuka alinipa mimi, na ndani yake kulikuwa na gemu ambalo alilipakua akalisahau. Nililifungua mchana mmoja nikisubiri pasi ipate moto. Maandishi yake yalikuwa ya lugha nisiyoisoma vizuri, kwa hiyo nilifanya kama ninavyofanya kwa mashine mpya ya kufulia: nikabonyeza kinachong'aa. Kilichong'aa kilikuwa na picha ya dadu, kumbe ndicho cha kupewa mhusika kwa bahati nasibu. Likatokea jitu la kizee lenye ndevu mpaka kitovuni na ngao kubwa kama mlango wa choo. Nikatafuta pa kumrudisha alikotoka, sikupaona. Kisha kikaja kisanduku cha kuandika. Nilidhani ninaulizwa ninafanya nini, nikajibu kwa adabu: Napiga pasi. Ndilo likawa jina la yule mzee. Mpaka leo linaelea juu ya kichwa chake kwa rangi ya dhahabu.

Dada yangu ana duka la dobi. Yeye anakaa mbele, kwenye kaunta, anapokea nguo na umbea. Mimi niko nyuma ya pazia na pasi. Mteja akichungulia akanisalimu, dada ndiye anayeitikia. Akiuliza habari za kazi, dada anamwambia ni nzuri. Kuna mama mmoja aliwahi kuuliza kama nimeolewa. Dada akamjibu bado, akamweleza na aina ya mume ninayemtaka. Nilisikiliza kwa makini, maana nilikuwa sijui.

Kwa hiyo niliingia mji ule nikitegemea kukaa kimya huko pia.

Wa kwanza kunisemesha alijiita Kiroboto, na kwa kweli hakukosea. Alikuwa mwizi mwembamba mwenye visu. Aliona jina langu ni la Kiswahili, akanizunguka akiruka, kisha akaandika: Shikamoo mzee.

Nilishtuka nikaunguza kola ya shati la mtu.

Sasa mtu akikupa shikamoo unafanyaje? Kumwacha nayo mkononi ni ufedhuli. Kumweleza kwamba huyu mzee ametokana na dadu na mimi ni msichana, kwa kasi yangu ya kuandika, kungemaliza mchana wote na mashati yananingoja. Niliandika neno moja: Marahaba. Nikarudi kwenye kola.

Kumbe nilikuwa nimejichimbia shimo. Kiroboto alinipeleka kwa wenzake, Kikosi cha Ngiri. Hao walikuwa wamecheza pamoja miaka mingi. Walikuwa na ukumbi wao wenye meza ndefu, wimbo wao, na utani ambao hawakumfafanulia mtu. Sheria yao ilikuwa kwamba ukiingia ukumbini unakuwa yule uliyemchagua: mwizi anaongea kama mwizi, mganga kama mganga, na atakayetaja mpira au bei ya bando anatolewa nje. Wageni waliwatesa. Waliwatuma wakaulize dukani kama kuna ngao za mashoto. Waliwaambia mbuzi wa pale mjini ni mfalme, wampigie magoti.

Mimi walinipa kiti.

Ilikuwa ni kosa lao, nami sikulirekebisha. Wao waliandika kwa vifupisho, nusu herufi nusu tarakimu, kama namba za magari. Mimi niliacha shule darasa la tano, na mpaka hapo walikuwa hawajatufundisha kuandika nusu. Niliandika neno zima na mwisho nikaweka nukta. Mtu asiyekimbia, asiyeruka, anayemaliza maneno yake na kuweka nukta, Ngiri walimtazama wakakubaliana kwamba ni mstaafu, na pengine alikuwa jeshini. Wakanifupisha nikawa Mzee Pasi. Kiroboto aliwaeleza wenzake kwamba ni jina la vita: adui akipita kwangu anatoka bapa.

Kiongozi wao alikuwa Jemadari, pande la mtu lenye shoka mbili. Nilidhani ni kijana, kwa sababu hakuna aliyemtania mwenzake kwa utundu kama yeye. Siku moja aliniandikia pembeni, nje ya uigizaji. Shikamoo mzee wangu, nina jambo la nyumbani. Amegombana na ndugu yake, kila mmoja anangoja mwenzake aanze kupiga simu. Je, apige yeye? Nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno, mara nikasikia viatu vya dada vinakuja. Nikaandika "Sawa." nikaificha simu chini ya foronya.

Kesho yake akaniambia ile sawa imemkalisha chini. Mzee hakumlaumu, hakumhubiria, alimwambia sawa tu. Akapiga simu, wamepatana.

Baada ya hapo nikawa na foleni. Kiroboto alitaka kujua amwendeeje msichana anayempenda. Nilimwandikia: Oga kwanza. Akasema hata mama yake mzazi hajawahi kumwambia ukweli namna hiyo.

Na mimi nikaanza kupenda, sitadanganya. Vita sikuvipenda sana, nilikufa hovyo, mara nyingine kwa kuanguka ngazi tu. Nilichopenda ni kwamba mtu aliniuliza kitu halafu akangoja. Niliweza kutafuta herufi moja moja, na huko upande wa pili shujaa mzima na silaha zake amesimama anangoja nimalize. Hakuna aliyenijibia.

Ndipo ikaja habari ya Mama Kaa.

Mama Kaa ni kaa mkubwa kuliko soko, anaishi chini ya mji. Mgeni hawi Ngiri kamili mpaka asimame na wenzake mbele yake. Kabla ya hapo yuko kwa majaribio tu, hata awe na ndevu. Na pale hapaandikwi, hakuna nafasi. Panaongewa kwa maiki. Jemadari alinieleza kwa heshima zote kwamba mwenye ngao ndiye anayesimama chini ya tumbo la kaa, ndiye peke yake anayeona gando likiinuka, na ni lazima aseme "nyuma" ili wengine wakimbie. Akaomba radhi, lakini sheria ni ya wote: asiyesema, nafasi yake anapewa mwingine, na wapo wanaosubiri.

Nilimuuliza kama naweza kugonga ngao badala ya kusema. Akajibu kwamba mzee ana utani.

Walipanga Jumamosi mchana. Nilimwambia dada naenda kupanga mashuka, nikaingia stoo nikarudishia mlango, nikakaa juu ya furushi la mapazia ya hoteli na hedifoni masikioni. Ndiyo mara ya kwanza kuwasikia. Kiroboto alikuwa na sauti nyembamba na alikuwa anatafuna kitu. Nikangoja sauti ya kijana Jemadari. Ikaja sauti nzito ya polepole, yenye kikohozi, na nyuma yake mtoto analilia miwani ya babu. Kumbe ndiye Jemadari: akamwambia mtoto amwache babu apigane kidogo, miwani atapewa.

Marahaba zote nilizowahi kumwitikia yule mtu zikanirudia kooni kwa pamoja.

Naye akakohoa akasema mbele ya wote, kwa sauti ya kutoka kifuani, "Shikamoo, Mzee Pasi."

Wote wakangoja. Nikaandika: Marahaba. Vidole viliandika vyenyewe kwa mazoea, mimi nilikuwa nimeshakufa kwa aibu.

Tukashuka kwa Mama Kaa. Nilisimama chini ya tumbo lake na mlango wangu wa choo. Gando la kulia likaanza kupanda juu taratibu, na niliona vizuri kabisa, na mdomo wangu ukawa kama umepigwa pasi. Likashuka. Kiroboto akalala chini kama soksi.

Kiroboto akauliza, bado anatafuna, kama mzee ameliona gando au amesinzia. Jemadari akamkemea, akasema huenda ni maiki yangu, akaniambia kwa upole kwamba wananitegemea.

Gando likaanza kupanda tena.

"Nyuma," nikasema.

Ilitoka kama bawaba isiyotiwa mafuta. Walirudi nyuma zaidi kwa mshtuko kuliko kwa utii, gando likapiga mawe. Kule kutafuna kukasimama.

"Nani huyo?" Kiroboto akauliza.

"Atakuwa mjukuu wa mzee," Jemadari akasema, na sauti yake ikalainika. "Mwanangu, mpe babu simu."

Mlango wa kutorokea ulikuwa wazi. Ningesema babu yuko bafuni. Ningesema babu amelala, na ningemlaza Jumamosi zote, mimi nikiwa mjukuu wa kushika simu, anayenena kwa niaba ya mzee mpaka mzee aamke. Wangeniamini. Wangenitumia na salamu nimpelekee. Hiyo ndiyo ilinichoma. Hata mtu asiyekuwepo angekuwa ndiye anayeongea, na mimi ni wa kumshikia simu tu.

Gando lilikuwa limeshafika juu.

"Hakuna babu," nikasema. "Ni mimi. Rudini nyuma wote, nyuma!"

Sikujua nina sauti ya kiasi hicho. Niliruka mpaka waya wa hedifoni ukachomoka, wakawa wanasikika stoo nzima. Ila walikuwa wameduwaa, hakuna aliyesogea hata hatua, na Mama Kaa akawaua wote waliobaki kwa pigo moja. Nikabaki mimi na ngao. Akanitazama kidogo, akanikanyaga akipita.

Ukifa pale unalala chini lakini unaweza kuongea.

"Kwa hiyo ile ya kuoga?" Kiroboto akasema.

Nikamwambia ile nilimaanisha.

"Na ile sawa?" akauliza Jemadari.

"Dada alikuwa anakuja."

Akaanza kukohoa. Alikohoa sana, mpaka mjukuu wake akauliza babu unalia? Akamwambia hapana, akaendelea, na nikatambua kwamba anacheka, na kwamba si kicheko kitupu.

Lakini Kiroboto hakucheka. Alisema amemwambia mzee mambo ambayo hajamwambia mtu, na kumbe alikuwa anamwambia msichana anayepiga pasi, ambaye pengine aliwasomea wenzake wakacheka. Akasema nitolewe. Sauti nyingine ikamuunga mkono, nyingine ikasema lakini neno lenyewe kalisema kwa wakati, wamekufa kwa uzembe wao. Wakaanza kubishana, wote wamelala chali. Nilitaka kueleza kwamba sina wenzangu wa kuwasomea, ningewatoa wapi. Nikakosa pa kuingilia.

Jemadari akawanyamazisha.

"Binti, nimekupa shikamoo mbele za watu."

"Najua."

"Nina wajukuu."

"Namsikia mmoja," nikasema.

Akasema Ngiri hawamjadili mtu kama hayupo na hali yupo. Akasema anayejadiliwa anajisemea mwenyewe, ndipo wanaamua. "Haya. Wewe unasemaje?"

Mlango wa stoo ukafunguliwa. Dada alikuwa amesikia kelele, akaja na kikapu kiunoni akidhani nimeangukiwa na rafu. Akaniona juu ya mapazia, akanitazama mpaka miguuni, akaitazama simu. Swali lilikuwa bado linaning'inia, na upande wa pili mtu mzima anangoja jibu, na dada yangu hawezi kumwacha mtu mzima angoje. Nilimwona akikiweka kikapu chini. Nilimwona akivuta pumzi ya kunijibia, ile ninayoijua tangu tulipokuwa wadogo. Hakujua hata wanazungumzia nini, na nina uhakika jibu lingekuwa zuri kuliko langu.

Nikamwekea kiganja mbele ya uso. Akafunga mdomo, nadhani kwa kushangaa tu.

Neno lililonijia nilikuwa nalifahamu, nimelisikia kwa watu maisha yangu yote. Nimelisikia mpaka likisemwa kwa niaba yangu, pale kwenye kaunta, yule anataka mume mpole, yule anataka chai isiyo na sukari. Kwa sauti yangu mwenyewe sikuwahi kulisikia.

"Nataka kubaki," nikasema. "Na nataka turudi kwa yule kaa, sasa hivi."