Mbegu Zilizopakwa Majivu

Nilikata mkonge miaka thelathini na moja, na shamba nililopata Pongwe nilipostaafu lilikuwa limechoka kunizidi. Misimu mitatu ya mahindi, hamna kitu. Mke wangu Consolata akakata shauri.

"Tujaribu soya msimu mmoja, Baba Ruthi. Nazo zikigoma, tunahamia Muheza kwa mwanao, tukalale na machungwa yake."

Bwana shamba, Timotheo, akatuletea pakiti ya unga mweusi. Aliniambia mimi, Consolata akiwa sokoni, kwamba humo mna vijidudu hai visivyoonekana kwa macho; ukivipaka kwenye mbegu vinahamia mizizini na kuulisha mmea. Uchanganye na maji ya sukari, kivulini, upande siku hiyo hiyo.

Nikachanganya beseni zima. Mgongo ukakataa. Kabla sijaenda kujinyoosha nikamwambia Consolata, "Usiziguse. Humo mna vibarua mamilioni."

Sasa, mwanamke huyu nilishamwambia kwamba niliona mkonge ukitoa garimoshi relini. Na kwamba kaa wa Tongoni aliwahi kuniuliza saa. Akanitazama, akaona mbegu zimelowa, akafanya alivyofanya mama yake kule Lushoto: akazivingirisha kwenye majivu zisiliwe na wadudu, akazianika juani.

Nilipoamka vibarua wangu walikuwa wameshaungua.

"Ungesema kweli," alisema.

"Nilisema."

"Ungesema kama mtu anayesema kweli."

Beseni lilikuwa bado kivulini, na ndani yake zimebaki konzi mbili za mbegu zisizoguswa na majivu. Tukazipanda mstari mmoja kando ya njia. Zile za majivu tukazipanda kwingine kote, maana tulishalima.

Wiki ya saba shamba lilikuwa njano tupu. Consolata akaanza kufunga masufuria. Nikamwita kwenye ule mstari. Ulikuwa kijani hadi unaudhi. Akachimbua mche mmoja, taratibu, akapangusa mizizi kwa kanga. Vinundu vimejaa kama shanga. Akapasua kimoja kwa ukucha: ndani chekundu kama nyama.

"Ulisema wako wangapi?"

"Mamilioni."

Akakaa palepale kwenye tuta. Nami nikakaa kando yake.

"Haya, msimu mmoja mwingine," alisema. "Majivu nitayaacha jikoni. Lakini mambo ya shamba nitaelezwa na Timotheo. Wewe unyamaze."

Nikanyamaza. Ingawa yule kaa, saa aliniuliza.