Mfalme Kaenda Kuoga

Hapa Weymouth, mji wetu wa pwani Uingereza, mtoto akianza tu kutembea huambiwa hivi: ukipotea ufukweni, nenda kwa Mfalme, simama miguuni pake, usibanduke mpaka uje uchukuliwe. Mama yangu aliniambia huku kanikamata sikio. Mama mkwe wangu alimwambia mume wangu Clifford, nami nikamwambia binti yetu Lorna. Sanamu ya huyo Mfalme iko palepale mbele ya bahari kwa miaka mia mbili na ushei, na joho lake jekundu na taji lake. Alikuja kwetu kuoga maji ya chumvi apate afya, mji ukaneemeka, basi tukamsimamisha. Hata kituo cha basi kinaitwa kwa jina lake.

Akili ya Clifford ilipoanza kumtoka, ilitoka na kila kitu. Jina la Lorna likaenda. Jina langu, Beryl, ambalo alikuwa akiliita kwa kelele miaka hamsini na moja, likaenda pia. Ila lile agizo la Mfalme halikutoka. Mara tatu alinitoroka, na mara zote tatu nilimkuta pale, kasimama wima, anangoja.

Lorna hakutaka kusikia.

"Mama, kuna nafasi kwenye nyumba ya wazee. Mpeleke baba kabla hatujamwokota maiti."

"Mume wangu si mwavuli, nikamwache mahali."

"Na wewe umechoka."

"Nimechoka na mdomo wako!"

Tuligombana hivyo majira yote ya baridi. Mwishowe akasema, "Haya. Siku akipotea usimkute kwa Mfalme, anakwenda huko kwa wazee. Tumekubaliana?" Nikakubali, tena kwa kiburi. Mfalme wa mawe ataenda wapi?

Aprili wakaja wapaka rangi. Nilikuwa nakwenda posta, nikaona wamemzungushia Mfalme majukwaa na kumfunika turubai jeupe, kichwani hadi chini. Mkuu wao ni Denzil, namjua tangu anavaa nepi.

"Denzil, mfunue uso."

"Haiwezekani, Bi Beryl. Upepo utaleta mchanga kwenye rangi mbichi."

"Basi hata mguu mmoja! Clifford akija atamjuaje?"

"Wiki tatu tu, mama. Vumilia."

"Mimi kuvumilia nakujua. Clifford ndiye hajui wiki ni nini."

Alinionea huruma, masikini, lakini turubai likabaki lilivyo. Nikarudi nyumbani, nikafunga mlango kwa ufunguo, nikautia ufunguo mfukoni mwa aproni. Siku tisa nililala nayo hiyo aproni.

Siku ya kumi nilitoka kutupa maganda ya viazi. Maganda tu, jamani! Niliporudi, kiti cha Clifford kitupu, chai yake bado ya moto. Ufunguo nilikuwa nimeuacha mlangoni mwenyewe.

Mwanamke wa miaka sabini na sita hakimbii, anajikokota tu. Nilifika kwa Mfalme pumzi zimeniishia. Clifford hayupo.

"Denzil! We Denzil! Umemwona mume wangu?"

Turubai likatikisika, kichwa chake kikachomoza huku kimejaa rangi ya dhahabu. "Sijamwona, Bi Beryl. Niko humu ndani tangu asubuhi. Kuna mtu tu aliuliza hapo nje Mfalme yuko wapi, nikamjibu..."

"Ulimjibu nini?"

"Kaenda kuoga."

Huo ni utani wetu. Kila Mfalme anaposafishwa, mtu akiuliza, jibu ni hilo, na mimi mwenyewe nimelisema mara ngapi nikacheka. Sikumtukana Denzil. Niligeuka kutazama bahari.

Alikuwa huko. Bahari yetu haizidi kina haraka, mtu hutembea ndani mpaka achoke, na Clifford alikuwa amekwisha tembea sana. Maji yalimfika kifuani, naye bado kavaa sweta yake ya kijani na viatu vyake. Alikuwa anaita, "Mfalme! Mfalme!" Nikaita na mimi, "Clifford!" lakini jina lake nalo halikumgeuza. Niliingia majini, magoti yakakataa, nikaanguka kwenye mchanga nikabaki napiga kelele. Bwana mmoja mwenye punda wanaopandwa na watoto pale ufukweni ndiye aliyekimbia akamshika kola. Clifford akapigana naye.

"Niache! Simwoni! Nisipokuwa kwake nitachukuliwaje?"

Walimleta mpaka nilipo, anatetemeka, midomo ya buluu. Nikamshika uso kwa mikono miwili. "Clifford, mimi hapa. Nimekuja kukuchukua."

Akanitazama kwa adabu kabisa. "Asante, mama. Lakini nawangoja watu wangu."

Denzil alikuwa amesimama nyuma yetu analia. "Nilitania tu, Bi Beryl. Sikujua ni yeye."

"Najua, mwanangu."

Lorna alikuja na blanketi. Nilijiandaa kwa ugomvi, na Mungu anisamehe, nilikuwa nautaka, maana ugomvi na Lorna huwa nashinda. Hakugomba. Alinifuta mchanga shavuni, akasema polepole, "Mama, tulikubaliana."

"Tulikubaliana," nikasema.

Jumamosi asubuhi nilimfungia nguo zake kwenye sanduku dogo. Alikaa kitandani ananitazama, mtulivu, kanyolewa vizuri.

"Nani anasafiri?" akauliza.

"Wewe."

"Mke wangu anajua?"

Nilikuwa nimempa mgongo, nakunja fulana. Niliikunja, nikaikunjua, nikaikunja tena.

"Anajua."

"Na amekubali?"

"Amekubali."

"Basi sawa," akasema, akaninyooshea mkono nimvalishe koti.